Bibi Kwenye Mashine Yako

Chanji, Sumbawanga
Jumapili mchana, mvua imepumzika

Dada Skola,

Habari za huko sikuulizi, maana hata ukinijibu sijui jibu litanifikia kwa njia gani. Za huku ninazo, na nisipokuambia mimi hakuna atakayekuambia. Mama yako miwani yake imevunjika mguu mmoja, anaifunga kwa uzi nyuma ya sikio, na Jofrey kinyozi, jirani yetu, unajua mwenyewe kwamba kalamu na yeye waliachana darasa la saba. Basi nimekaa kwenye kiti chako, kile chenye mto wa kitenge, nakuandikia kwa mkono huku kompyuta iko mbele yangu. Najua ungenicheka. Lakini barua yako sikutaka kuichapa, dada. Za kuchapa ni za wateja.

Nataka kukueleza yaliyoipata mashine yako, na yaliyompata mama kwa ajili yake.

Lakini nianze mbali kidogo. Tulikuzika wakati wa baridi, upepo ule wa kwetu unaokata masikio, na watu walikuja msibani wamejifunika mablanketi. Ulezi ulikuwa bado haujapurwa. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walikaa kugawa vitu vyako. Sweta la kijani, viatu, redio, vyote vilipata wenyewe. Ilipofika kwenye kompyuta, baba yako mkubwa aliitazama muda mrefu akauliza, "Na hii nayo, nani anajua kuilisha?" Watu wakacheka kidogo kidogo, kicheko cha msibani. Mama akaninyooshea kidole. "Ya huyu. Si ndiye aliyekuwa anakula nayo?" Hapo ndipo nilipolia, mbele ya wote, mimi ambaye kaburini nilijikaza.

Ofisi ipo pale pale. Kibao bado kinasema Skola, kuchapa, kopi, picha za pasipoti. Jofrey alijitolea kukipaka rangi aandike Oliva, nikamwambia akikigusa kwa brashi nitamnyoa mimi. Kile kitambaa cha bluu cha kupigia picha bado kinaning'inia, kimepauka pembeni pale watu wanapoegemea mabega. Ile UPS ya kushikilia mashine umeme ukikatika, iliyokufa betri, bado tunaitumia kuwekea miguu. Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichobadilika, ila mtu akiingia akauliza "Dada mwenyewe yupo?" bado nageuka kukutafuta kabla sijajibu.

Unakumbuka safari ya Kasanga? Yule mwenye ghala la samaki alikupigia kwamba kompyuta yake imegoma, tukapanda gari la mizigo tukateremka, na kila kona joto linaongezeka hadi nikavua masweta yote mawili. Ulimtengenezea mashine, akatushukuru kwa migebuka ya kukaanga, na mimi nikaila kama mtu aliyetoka jela. Halafu nikaenda moja kwa moja kwenye laptop yako kukuonyesha picha nilizopiga ziwani. Vidole vyangu! Harufu ya mgebuka ilikaa kwenye vile vitufe wiki nzima, wateja wakawa wanauliza kama tumeanza kuuza na samaki.

Jumatatu yake nikawasha kompyuta kubwa hapa ofisini kama kawaida. Mara spika zikaniuliza kwa sauti yako, ile ya kukunja pua, "Umenawa mikono, Oliva?" Niliruka hadi nikaangusha karatasi. Wewe ulikuwa umejificha nyuma ya kitambaa cha bluu, umeshika tumbo kwa kicheko. Ulikuwa umejirekodi, ukaiambia mashine iseme hivyo kila ikiamka. Nikakwambia itoe. Ukasema, "Nitaitoa siku utakayonawa bila kuulizwa." Hukuitoa, na mimi ndiyo kwanza sikunawa.

Baada ya matanga nilirudi kufungua ofisi. Nilikaa kwanza bila kuiwasha, nafuta meza iliyo safi. Nilipoiwasha ulisema yale yale. Sikujua kama ninataka kukimbia au kukaa hapo nisikilize hadi jioni. Na sikujua kwamba mama alikuwa nyuma yangu mlangoni, ametoka misa ya asubuhi, rozari bado iko mkononi. Aliingia taratibu, akakaa kwenye benchi la wateja, akasema, "Nimenawa, mwanangu." Alijibu yeye.

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila asubuhi. Anatoka kanisani, anakaa kwenye benchi, anasubiri niwashe. Unamuuliza, anakujibu, anasimama anakung'uta kitenge, anakwenda shambani kwake. Hasemi neno lingine. Na mimi nikawa siwashi hadi afike, hata kama mteja amesimama juu ya kichwa changu ana haraka ya kopi. Nilikuwa nawaambia mashine ya zamani hii, ina masharti yake.

Sasa sikia.

Printa yetu ilikufa. Nikaleta nyingine, mashine yako ikakataa kuitambua hadi mfumo mzima usasishwe. Tangu ulipoanza kuugua sikuwahi kuusasisha. Niliogopa, dada. Niliona nikigusa chochote nitafuta alama za vidole vyako. Lakini kazi hazingoji, na wewe mwenyewe ulikuwa husemi neno zuri kuhusu mtu anayeacha mashine ilale bila masasisho. Nikafunga macho nikaiamrisha. Mzigo wa miezi yote ukaanza kushuka kwa bando la simu yangu, polepole kama ng'ombe wa jioni.

Alasiri mama alinijia na mahindi ya kuchemsha kwenye beseni. Mashine ilikuwa imemaliza kupakua, imeanza kuweka. Nilikuwa na kadi za mchango wa harusi za kupeleka ng'ambo ya barabara, nikamwambia, "Mama nakuja sasa hivi, niangalizie mlango." Nikavuka. Nikiwa bado nahesabiana kadi na mwenyewe, radi ikapiga kule upande wa milima ya Mbizi.

Unamjua mama yako na radi. Wewe ndiye uliyekuwa unasema kwamba hata lori la mawe likipita barabarani yeye anachomoa pasi. Nyumbani kwenu wingu likitanda tu, vioo vyote vilifunikwa kanga, redio inazimwa, aliyevaa nguo nyekundu anatumwa kubadilisha. Watu wa mikoa mingine wanatutania na radi zetu, wanasema huku zinatumwa kama barua. Mama hatanii. Mama anachomoa.

Nilirudi nakimbia, kadi nyingine zimelowa. Ofisi ilikuwa na giza. Plagi ilikuwa imelala sakafuni, mbali na soketi, isije ikashawishika kurudi. Na kioo cha kompyuta kilikuwa kimefunikwa kanga ya mama, vizuri kabisa, pembe zimekunjwa. Yeye alikuwa amesimama pembeni ameshika mikono kifuani. Akaniambia kwa furaha, furaha ambayo sijaiona usoni mwake tangu tulipokurudisha kutoka hospitali ya Mbeya, "Nimeiokoa, Oliva. Nimeiokoa mashine ya mwanangu."

Ungesema nini, Skola? Mimi nilisema, "Ahsante, mama." Nikala hindi moja, nikamsindikiza.

Mvua ilipokatika nikaiwasha. Herufi nyeupe kwenye kioo cheusi, zinasema kerneli haionekani.

Nilicheka kwa woga, nikajisemea usiogope, yupo bibi. Unakumbuka ulivyonifundisha? Nilikuwa sielewi hata kidogo hiyo kerneli ni mdudu gani. Ukasema, "Ni yule anayeamka wa kwanza nyumbani. Anafungua mlango, anawasha moto, anaamsha wengine: wewe kioo, wewe spika, wewe mausi. Asipoamka yeye, nyumba nzima imelala." Ukaniambia kuna kerneli mpya inayokuja na mambo yake kila mara, hiyo ukaiita binti. Na kuna ya zamani kidogo, ambayo walioitengeneza wameahidi kuitunza kwa miaka, haibadilikibadiliki, hiyo ukaiita bibi. Bibi hajui mitindo, lakini moto anauwasha. Ukasema kila mashine iwe nao wote wawili, maana siku binti akizimia na bibi hayupo, mtalala njaa.

Na uliwaweka mabibi kila mahali! Ofisi ya parokia, shule ya msingi, ghala la Kasanga. Yule wakala wa forodha kule mpakani Kasesya, siku ile malori yamejipanga hadi upande wa pili na kompyuta yake imegoma, ulimwelekeza kwa simu: "Zima. Washa. Ukiona orodha shuka chini, mchague bibi." Tukamsikia anapiga kelele, "Bibi ameamka! Bibi ameamka!" na madereva wakawa wanauliza bibi gani huyo, alikuwa anaumwa nini. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Basi nikaitafuta orodha nishuke kwa bibi. Mstari ulikuwa mmoja. Nikafungua ile sehemu ya machaguo mengine, huko nako alikuwamo yule yule binti aliyezimia. Nikatafuta tena kama mtu anayepekua mfuko uliotoboka.

Hukumweka, dada. Uliwawekea watu wote wa Rukwa, yako ukaiacha. Kinyozi hajinyoi. Nilikukasirikia pale, nakuambia ukweli. Nilikusema kwa sauti, peke yangu, nikakuita na majina ambayo hapa siyaandiki kwa sababu leo ni Jumapili. Halafu nikaona aibu kumgombeza marehemu, nikafunga ofisi.

Asubuhi mama akaja, akakaa kwenye benchi, akatulia. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Leo umeme hakuna." Akajibu marahaba. Na palepale, ukuta wa pili, mashine ya Jofrey ikaanza kunguruma kwenye kichwa cha mtu, na redio yake ikitoa matangazo. Mama akausikiliza ukuta. Akanitazama, nikatazama rimu ya karatasi. Akasema, "Haya. Nitakuja kesho." Alitembea polepole kuliko alivyokuja.

Jofrey alikuja baadaye kuuliza kulikoni, nikamweleza. Akaniambia, "Oliva, mbona simpo, ifute yote uanze upya. Kama kunyoa para tu, zinaota tena." Nikamuuliza, "Na sauti ya Skola, nayo itaota?" Alivua kofia. Hakusema tena neno siku ile, na kwa Jofrey huo ni muujiza wa kupeleka Roma.

Utaniuliza nakala iko wapi. Sikuwa na nakala. Niliogopa hata kulisogeza lile faili, nikaona kama yai. Lakini ulikuwa umeniachia flashi yako ya kuamshia, ile uliyoifunga uzi mwekundu isichanganyike na za wateja. Nikaichomeka, mashine ikaamka kwa kuazima akili ya flashi, na nikafungua diski yako. Vyote vilikuwamo. Picha za ziwani, kadi za harusi za watu ambao sasa wana watoto shuleni, na faili dogo umeliita "mikono". Nililinakili kwenye simu kabla sijavuta pumzi.

Ningeweza kumchezea mama kwenye simu, yakaisha. Nilifikiria. Lakini angeuliza mashine ina nini, na jibu la swali hilo lilikuwa yeye. Mwanamke aliyekufunga macho kwa mkono wake, nimwambie kwamba amekunyamazisha mara ya pili, tena siku anayodhani amekuokoa? Hapana. Nilitaka aje akae kwenye benchi kama siku zote, mashine iwashwe, umuulize, na asijue kamwe.

Kwa hiyo nikafuata ulivyonifundisha, kupitia flashi nikaingia ndani ya mfumo wako, nikaondoa ile kufuli ya masasisho yaliyokatika njiani, nikamweka binti upya. Ilinichukua mchana kutwa kwa sababu mkono wangu ni mzito na nilikuwa nasoma kila mstari kama mtu anayesoma wosia. Nikatoa flashi, nikawasha. Kioo kikawaka! Mandhari yako ya mashamba ya matuta ikatokea. Nikangoja.

Kimya. Spika hazikusema kitu. Binti mpya alikuwa hazijui kabisa; ile kadi ya sauti ya zamani uliyoipata Kasesya kwa yule muuza mitumba ilikuwa si ya umri wake. Nilizungusha kila kitufe, nikachomoa na kuchomeka waya, nikampa Jofrey headphone asikilize labda ni masikio yangu. Mashine nzima, kila kitu kipo, wewe tu hupo.

Mama akaja tena asubuhi. Sikuwa na uongo mwingine, umeme ulikuwa unawaka hadi nje. Nikabonyeza kitufe mbele yake, nikasali. Kioo kikawaka, mashamba yakatokea, na tukakaa wawili tunakitazama. Nje mtu alipita anauza maziwa. Sikuthubutu kugeuka.

Kisha nikasikia nyuma yangu, "Umenawa mikono, Oliva?"

Dada yangu! Nilitazama spika. Halafu nikageuka, na alikuwa ni mama. Sauti ile ile. Kule kupandisha mwishoni, kule kukunja pua, vyote. Sikuwahi kutambua siku zote hizo. Kumbe swali lile hukulitunga wewe. Kumbe ni la kwake, alikuwa anakuuliza hivyo ulipokuwa mdogo, ukitoka kuchambua dagaa unakimbilia daftari. Aliniambia hayo pale pale, kwa maneno machache, anatazama kioo na si mimi. "Alikuwa ananiiga," akasema. "Hata mbele ya baba yake alikuwa ananiiga."

Nikamwambia, "Nimenawa, mama." Akaitikia kwa kichwa, akakung'uta kitenge, akaenda.

Mchana ule niliamua bibi lazima aje. Kama binti hazijui spika zako, bibi atakuwa anazijua, alikuwepo zilipokuwepo. Safari hii sikuhitaji flashi, mashine ilikuwa inatembea, kazi yenyewe ni amri moja na kungoja. Shida ilikuwa kungoja. Nilifunga mlango nusu, nikakaa chini sakafuni mgongo wangu kwenye soketi, ili hata malaika akija kuchomoa aanze na mimi. Nikamwomba Jofrey aangalie anga. Alisimama barabarani na mkasi mkononi, mteja wake amekaa ndani kichwa kimenyolewa upande mmoja, akawa ananitangazia kupitia dirishani. "Mbizi kuna wingu, lakini halijaamua!" Halafu, "Limeanza kuamua!" Halafu, "Linaelekea kwa wenyewe huko, endelea!" Watu waliopita walidhani tunatega mvua.

Bibi akashuka, akawekwa. Nikawasha upya. Hayumo kwenye orodha! Nilikaribia kulia, hadi nikakumbuka ulivyokuwa unanigonga kichwani kwa kalamu: ukileta mgeni nyumbani mtambulishe kwa wenyeji. Nilikuwa sijaiandika orodha upya. Nikarudi, nikaiandika, nikawasha tena, nikafungua yale machaguo mengine, na alikuwamo, amekaa chini ya binti, mtulivu. Nikashuka hadi kwake. Nikabonyeza.

"Umenawa mikono, Oliva?"

Sikuwa nimenawa. Nilikuwa nimekula hindi la mama, lile la mwisho kwenye beseni, limeshakuwa gumu. Nililia hapo sakafuni na punje mkononi. Jofrey akaingia mbio, na mteja wake wa nusu kichwa nyuma yake, shuka bado shingoni, wakasimama hawajui wafanye nini. Yule mteja, hakujui wala hanijui, akasema, "Pole, dada. Anayeuliza ni nani?" Jofrey akamwambia, "Ni mwenye ofisi." Nimempenda kwa jibu lile.

Asubuhi yake, ile ya jana, mama alikaa kwenye benchi. Nikawasha. Ukamuuliza. Akajibu taratibu, "Nimenawa, mwanangu." Nikajua yamekwisha. Nikajipongeza moyoni.

Lakini mama hakusimama. Akasema, "Oliva, siku ile umeme hakuna, Jofrey alikuwa ananyoa." Akaendelea, bila ukali, anafungua na kufunga pindo la kitenge. "Mimi ndiye niliyemnyamazisha?"

Alijua. Siku zote zile alijua. Alikuwa anatoka hapa anakwenda kulima na jambo hilo peke yake, na ile asubuhi ya kimya alijikaza akaniuliza yeye kuhusu mikono ili mimi nisiumie. Tulikuwa tunafichana kitu kimoja.

Uongo ulinijia mdomoni, ulikuwa tayari na mzuri. Nikauacha. Nikamwambia ukweli wote, kwamba ndiyo, plagi ilichomolewa katikati ya kazi, na mashine ikashindwa kuamka. Uso wake ukaanza kuanguka. Nikaharakisha: "Lakini mama, isingekuwa kitu kama Skola angeweka kerneli ya akiba. Aliwawekea parokia, aliwawekea shule, aliwawekea watu wa Kasanga na wa Kasesya. Kila siku ananihubiria, weka bibi, weka bibi. Ya kwake hakuweka."

Mama alinitazama. "Hakuweka?"

"Hakuweka, mama."

"Yeye mwenyewe anayewaambia watu?"

"Yeye mwenyewe."

Na mama akacheka, Skola. Alianza na pua, halafu mabega, halafu akacheka hadi miwani ikadondoka na uzi wake. "Hivyo hivyo!" akasema. "Alikuwa anawakumbusha wenzake wote mwavuli, yeye analowa!" Akacheka na machozi yanatoka, akaniambia lile la kuwa ulikwenda kipaimara na kiatu cha nduguyo, na lingine, na lingine. Hakuwa amecheka tangu tukuzike. Nilikuwa nimekukasirikia kwa kuacha mashine yako hivyo. Sasa nakushukuru. Ungeweka, mama angebaki na lile swali lake shambani hadi leo.

Jana hiyo hiyo alasiri radi ilirudi. Mama alikuwepo, alisema amepita tu. Alinyoosha mkono kuelekea plagi, akausimamisha hewani, akaniuliza, "Nichomoe?" Nikamwambia bado, njoo nikuonyeshe. Nikamkalisha kwenye kiti chako nikamshikisha mausi. Alikwenda kwanza nje kwenye ndoo, nikasikia maji yanamwagika, akarudi anapangusa vidole kwenye kitenge kimoja kimoja. Huyo nani angemfundisha kunawa! Alisogeza mshale kama anayesukuma tembo, akapata pale pa kuzimia, akabonyeza. Mashine ikalala yenyewe kwa adabu. Ndipo akachomoa. Ndipo akaifunika kanga.

Kwa hiyo hayo ndiyo ya huku. Bibi nimemweka wa kwanza kwenye orodha, binti yupo chini yake anajifunza. Siku atakapozijua spika zako nitampandisha. Betri ya UPS nitaiulizia, miguu yetu itafute pengine pa kukaa. Na faili la "mikono" liko sasa kwenye simu yangu, kwenye flashi ya uzi mwekundu, na kwa Jofrey, ambaye nimemwapisha kwa wembe wake.

Ninakuahidi haya, nawe uniangalie. Kila mashine itakayopita mezani kwako itatoka na bibi wake, nianze na hii. Sitaitoa sauti yako hata nikinawa bila kuulizwa. Na mama nitamrekodi pia akiuliza swali lake, akikubali, ili siku moja, Mungu aiweke mbali, nisiachwe na mmoja tu kwenye orodha.

Lala salama, dada yangu. Nimenawa kabla sijashika kalamu.

Mwanafunzi wako,
Oliva